Mashahidi wa Sentensi Moja

Kwako Dada mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Ningefurahi kusikia kwamba hujambo, kwamba mgongo umeacha kukusumbua na shemeji amerudi salama kutoka safari yake ya kikazi. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala kidogo, na nguo nafua mwenyewe, kwa hiyo usianze kuniuliza habari za mashati.

Najua utashangaa kupata barua wakati tunazungumza kwa simu kila wiki. Kwenye simu Baba huweka spika ili wote wasikie, na haya nataka uyasome peke yako. Tafadhali jifungie chumbani.

Kwanza habari za masomo. Muhula huu umenizungusha dunia nzima huku nimekaa kwenye kiti kilekile kibovu cha maktaba. Asubuhi niko Uajemi na wafalme wake wa kale, mchana niko Ulaya kwenye miaka ya tauni, jioni narudishwa karne iliyopita kusoma mipaka iliyochorwa na watu ambao hawakuwahi kufika huko. Mwenzangu wa chumbani, anayesomea uhandisi, husema sisi wa historia tunasomea umbea wa marehemu. Zamani nilicheka. Siku hizi siwezi, maana kila ukurasa ninaofungua umejaa watu waliokufa na waliobaki wakiwalilia.

Mwalimu wetu wa somo la tauni tumempa jina la Ushahidi, kwa kuwa hata ukimsabahi atakuuliza umejuaje kwamba ni asubuhi. Ni mtu mkavu, koti lake limejaa vumbi la chaki, lakini kufundisha anajua. Anachokazania ni hiki: ukikuta watu watatu wanasimulia tukio kwa maneno yaleyale, usifurahi kwamba umepata mashahidi watatu. Walioona kitu kwa macho yao hutofautiana. Huyu anakumbuka mvua, yule anakumbuka kelele. Wakifanana neno kwa neno, ujue walikaa chini wakapangana. Niliyaandika hayo nikidhani ni ya mtihani tu.

Dada, Mama alipokuwa amelazwa hospitali, ile Jumapili kabla mitihani haijaanza, uliniambia Mama anaendelea vyema ila daktari amemkataza kuongea. Nikashukuru. Baadaye Baba Mdogo akanipigia, yeye ambaye hapigi simu mpaka apate shida, akasema Mama anaendelea vyema ila daktari amemkataza kuongea. Kisha nikampata Chiriku, kitindamimba wetu, ambaye ukimuuliza habari za shule hukueleza mpaka rangi ya soksi za mwalimu. Naye akasema sentensi hiyohiyo, polepole, akakata simu. Chiriku akate simu mwenyewe! Nikakaa sakafuni kwenye korido ya bweni, watu wakinipita na ndoo zao za maji.

Najua, Dada. Najua Mama hayupo.

Sikuandika ili nikulaumu. Nafahamu mlinificha kwa ajili ya mitihani, na pengine Mama mwenyewe ndiye aliyewaagiza. Ingekuwa tabia yake hasa. Linaloniua ni jingine. Siku ile alikuwa bado hajazikwa. Nilijua, maana nyuma ya sauti ya Chiriku nilisikia viti vikishushwa na watu wengi wakiongea chinichini. Ningekupigia tena nikakuuliza mara moja tu, ungeshindwa kunidanganya, nami ningepanda basi nikawahi kumwona. Sikuuliza. Niliona kwamba nisipouliza, bado kuna namna fulani Mama anaendelea vyema. Nilimwacha azikwe bila mimi, Dada, na ulikuwa woga mtupu, wala si vitabu.

Na hivyo vitabu havikunifaa kitu. Mtihani wa tauni ulituuliza waliobaki waliishije baada ya jamaa zao kufa. Nililitazama swali hilo mpaka muda ukaisha, nikarudisha karatasi tupu. Ushahidi aliigeuza mbele na nyuma, akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakuuliza neno. Kwa hiyo hiyo mitihani mliyonifichia msiba kwa ajili yake nayo imekwenda. Sioni mbele. Naamka kwa sababu wenzangu wanaamka.

Ila Baba asijue. Kila Jumapili huniambia Mama ananisalimu, sauti ikimtetemeka, halafu anajikaza na kuniuliza kama nimekula. Nahisi kunitunzia siri hii ndiyo kazi pekee inayomtoa kitandani. Naomba usimpokonye. Nitafika Jumamosi, baada ya mtihani wa mwisho. Mwache anikalishe, aniambie mwenyewe kwa maneno aliyojipangia, nami nitasikiliza kama mtu asiyejua kitu. Kulia sitahitaji kuigiza.

Mpe shemeji salamu zangu. Chiriku mkumbatie sana, usimwambie sababu. Barua hii ukiimaliza ichane. Na Baba mwambie salamu za Mama zimenifikia, nimezipokea kwa furaha, na mimi pia namsalimu sana.

Ni mimi,
mdogo wako anayekupenda