Mke wa Mwanangu na Jumamosi Zetu

Jumamosi, 2 Agosti

Aiskrimu leo! Ile laini ya mashine, nusu nyeupe nusu chokoleti, pale karibu na supamaketi. Nalangu alinichukua na kigari chake baada ya lunch. Yeye alimaliza yake na koni yote. Mimi hulamba polepole, ikanitiririka hadi kwa kiwiko.

— Mum, unakula kama mtoto wa nasari!

Tukacheka mpaka watu wakageuka. Weita akauliza kama huyu ni msichana wangu. Nikasema ndiyo. Nalangu hakunisahihisha.

Ukweli ni kwamba ni mke wa Wachira wangu. Wachira alienda Kanada kutafuta, akatafuta mpaka akapata mwanamke mwingine. Tuliona picha kwa simu ya watu. Yeye na Nalangu hawakuwa wamejaliwa mtoto hapa, kwa hivyo kila mtu akajua msichana atarudi kwao. Nilijua pia. Nikakaa ndani siku nyingi, kama mtu amefiwa. Halafu Jumamosi moja akabisha mlango: "Mum, vaa viatu. Twende tukule kitu tamu." Hivyo ndivyo tulianza.

Siku zingine za wiki nakula githeri nikiwa nimesimama kando ya jiko. Kuandaa meza ya mtu mmoja ni kazi bure.

Jumamosi, 9 Agosti

Hakuja. Meseji: yuko Kimana, vitunguu vya mkulima fulani vimeshikwa na ugonjwa. Kazi yake ni kuuza mbegu na dawa za shamba, anazunguka huko kote — Kimana, Illasit, Rombo. Namwelewa.

Lakini nilikuwa nimevaa tayari. Nikaenda peke yangu.

Weita: "Mko wangapi?" Nikasema wawili. Sijui kwa nini!

Nikaitisha keki, ile ya chokoleti yenye cheri juu. Kijana akaja kuomba kiti kilichokuwa mbele yangu. Nikasema kuna mtu anakuja. Akarudi kwa wenzake, akasimama. Baadaye nikamwita mwenyewe, nikamwambia achukue.

Keki ilikuwa nzuri. Cheri niliiacha kwa sahani. Hiyo huwa ya Nalangu.

Jumapili, 17 Agosti

Amekuja baada ya kanisa! Na ndizi za Illasit, zile ndogo za ngozi nyembamba, tamu kama zimetiwa asali. Tumezila hapa kwa ngazi, maganda tukimrushia mbuzi wa jirani. Yaani mimi ndiye nimekula. Yeye alikula moja. Alikuwa anachekea simu.

Nikauliza ni nani. "Ni mteja tu, Mum."

Mteja gani anachekesha hivyo? Na hereni mpya.

Jumatano, 20 Agosti

Wachira amepiga. Tangu Pasaka hajapiga! Sauti imekonda. Amesema wameachana na yule mwanamke. Anarudi Desemba, kabisa. Nimwambie Nalangu amngoje, kwa sababu yeye mwenyewe akipiga hashikiwi.

— Wewe atakusikia, Mum.

Ugali ukaungua. Nililia kwa furaha, kisha nikakaa chini nikajiuliza ni furaha ya nini. Kwa sababu kitu cha kwanza kunijia kichwani kilikuwa Jumamosi. Kwamba akingoja, Jumamosi zetu hazitaisha. Nilifurahia hiyo kabla sijamfurahia mtoto niliyezaa.

Jumamosi ikija nitamwambia.

Jumamosi, 23 Agosti

Yuko Rombo. Meseji tu. Nimekunywa chai na mkate.

Jumamosi, 30 Agosti

Kajiado leo. Alisema anataka tukae mahali hatujulikani, lakini kufika tu, mwenye hoteli akamsalimu kwa Kimaasai — "Supa!" — naye "Ipa!", wakashikana mikono. Kwao si mbali na hapo. Tukaitisha mbuzi wa kuchoma, halafu chai ya maziwa na mandazi moto yenye iliki. Nje vumbi, ng'ombe wanapita kati ya magari. Nilikuwa na maneno ya Wachira tayari. Nilikuwa nimeyapanga tangu Kitengela.

Yeye akanitangulia.

— Mum, kuna mtu.

Ishmael. Mkamba, analima vitunguu na nyanya Kimana. Ndiye yule mteja. Mama yake anataka kuona watu wa msichana kabla mambo yaendelee. Na Nalangu hana watu. Mama yake alikufa akiwa mdogo. Baba yake amesema ng'ombe wa Wachira walishaingia bomani, hataki kusikia habari ya mwanaume mwingine.

— Niko na wewe tu. Ukikataa nitaelewa, kwa sababu wewe ni mama yake Wachira. Lakini nimekuomba, yieyo.

Yieyo. Ni mama kwa Kimaasai. Miaka hiyo yote ameniita Mum. Sikujua hilo lingine amelificha wapi.

Nilipaswa kusema hapo. Nikamega andazi, nikajaza mdomo. Kisha lingine. Nikamwambia nitafikiria. Akaitikia kwa kichwa, akanifungia yaliyobaki kwa karatasi, nije nayo nyumbani.

Jumapili, 31 Agosti

Wachira kwa meseji: Umemwambia?

Mimi: Bado.

Jumamosi, 6 Septemba

Hakuja, na leo hakuna meseji. Anangoja jibu langu, najua.

Nikatoka hadi stendi, nikanunua smoki, soseji ile ya kupasuliwa na kutiwa kachumbari. Nikamwambia muuzaji atie pilipili nyingi. Nyingi! Ukilia, watu waone ni pilipili.

Florence wa kanisani akanipata hapo nikipangusa macho. Nikamwambia kila kitu, hata sikuwa nimepanga. Yeye haoni ugumu wowote: msichana aambiwe mumewe anarudi, akae, basi. Nikamwambia nikienda Kimana, nitaenda kumwozesha mke wa mwanangu kwa mtu mwingine. Nisipoenda, ataenda peke yake, wamwone hana mtu.

— Kwani wewe ni mama ya nani? akauliza Florence.

Akapanda gari, akaniacha na hiyo karatasi ya smoki mkononi. Nilisimama hapo mpaka muuzaji akaniuliza kama naongeza nyingine.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimempigia. Nikasema: kesho nichukue asubuhi, na utafute gauni refu, hao ni watu wa kanisa. Nikadhani simu imekata.

— Mum?

— Niko.

Akaanza kulia, mimi nikamwambia ukuni umezima, nikakata. Napikia gesi!

Ya Wachira sijasema. Nitasema njiani. Hawezi kuingia kwa nyumba ya watu bila kujua. Akitaka kugeuza gari, ageuze.

Jumamosi, 13 Septemba

Niko Kimana, ndani ya hoteli. Naandika haraka.

Tulisimama Emali kununua machungwa. Akayamenya akiwa ameketi kwa usukani, mlango wazi, ananipa kipande mimi, yeye kipande. Nikasema. Nilisema yote: wameachana, anarudi Desemba, anataka umngoje, na ameniambia tangu mwezi jana.

Akaacha kutafuna.

— Tangu mwezi jana.

— Ndiyo.

Akatoka. Akaenda akasimama kando ya ua wa mtu, amenipa mgongo, shuka yake inapigwa na upepo. Machungwa yalibaki mapajani mwangu, nayo juisi inapenya kwa gauni langu la kanisa. Nilitaka kumfuata. Nikabaki nikiokota maganda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akawasha gari. Nikangoja nione ni wapi atageukia.

Akashika njia ya Loitokitok, ile ya kwenda Kimana.

Mlima wa theluji ulikuwa wazi kabisa, wala hakunionyesha.

Ishmael ni mfupi, mpole, amenyoa vizuri. Aliniamkia kwa kuinama. Mama yake, Mbeke, ni mkubwa kwangu, na hana mzunguko. Hata chai haijaja, akauliza:

— Na wewe mama, huyu msichana ni nani wako?

Nalangu aliangalia meza. Hakunisaidia. Au alikuwa ananiachia nichague, sijui. Nikasema tunawe mikono kwanza, mengine yatakuja na chakula. Nikanawa wa kwanza, nikarudi kuketi.

Sasa wako pale kwa bomba, watatu. Ishmael amemshikia mama yake kitambaa. Nalangu yuko nyuma yao. Ameangalia huku mara moja.

Weita ameleta tikiti maji, jekundu, baridi, limekatwa vizuri. Limekaa mbele yangu. Siwezi kugusa.

Simu inatetemeka mezani. Wachira. Imeacha. Imeanza tena.

Nimeizima.

Mama Ishmael amefunga bomba. Anapangusa mikono, kidole kwa kidole. Anakuja na Nalangu nyuma yake, na mimi nimeshasimama niseme ni msichana wangu, kalamu bado mkononi —