Mama, Msiba wa Bibi Sikuusikia

Mkuranga,
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Shikamoo tena, kwa kuwa sijui kama ya kwanza utaipokea. Najua Eliza ndiye anayekusomea, na pengine ulitaka kuikunja barua hii ulipoambiwa imetoka kwangu. Mwache dada asome mpaka mwisho, halafu useme unalotaka. Goti lako linaendeleaje? Mvua zimefika huko Ulemo, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mimi mwili ni mzima, nakula, natembea. Kichwa ndicho hakijatulia tangu nilipoongea na Eliza kwenye simu Jumapili iliyopita.

Nianze mbali kidogo, maana nikianza na uchungu sitafika.

Unajua nipo kiwanda cha nondo, na nilikuwa kwenye mashine ya kukata. Vyuma vikianguka pale, ile kelele sina namna ya kukueleza. Fikiria mabati ya kanisa zima yanaangushwa kwenye mwamba, asubuhi mpaka jioni. Vizibo vya masikio tulipewa, vikachakaa, tukatia pamba, na pamba ilipoisha tukazoea hivyo hivyo. Pale hakuna anayeongea kwa mdomo. Ukitaka maji unaelekeza kidole gumba mdomoni, ukitaka mashine isimame unaweka mkono kichwani. Miaka yote tumeelewana kwa mikono, hakuna aliyejua nani anasikia na nani hasikii. Mimi nilijijua mzima kabisa. Watu wa mtaani wakiongea nami niliona wananong'ona tu, nikasema basi, watu wa Pwani ndivyo walivyo, wana sauti za chini. Na simu za nyumbani nililaumu mtandao. Si mnaujua wenyewe mtandao wa Ulemo?

Mwaka jana, alizeti mlikuwa mmeshavuna, gari la kunyanyulia mizigo lilirudi nyuma nikiwa nimelipa mgongo. Dereva alipiga honi mpaka akachoka. Mwenzangu Juma akanivuta shati, nikaanguka chali, nikainuka nataka kumpiga. Kuangalia nyuma, gurudumu limekanyaga pale pale nilipokuwa nimesimama. Msimamizi akanipeleka kwa nesi wa kiwanda, nesi akaniandikia niende hospitali kubwa.

Huko kuna dada mmoja anayepima masikio. Aliniingiza kwenye kijichumba kidogo, akanivika vitu vya kusikilizia, akanipa kibonyezo. Kila nikisikia mlio, nibonyeze. Nikakaa. Nikasubiri. Namwona kupitia kioo anashika mashine yake, anaandika, nikasema moyoni huyu bado anajiandaa. Mwisho nikamwambia dada, mimi nipo tayari, anza. Akaja akanivua vile vitu, akaniinamia karibu kabisa.

"Kaka, tumeshamaliza."

Nilicheka, Mama. Nilidhani ananitania. Yeye hakucheka.

Nikajua kazi imekwisha. Juma alinishauri ninyamaze, nirudi kwenye mashine, mtu asiyesikia nani atamwajiri? Lakini daktari alikuwa ameshaandika kwamba ni kelele za kazini zilizoniharibu, na afisa wa kiwanda akayapeleka mambo yangu kwenye mfuko wa fidia ya wafanyakazi. Mimi nilijua fidia ni ya aliyekatika vidole, au ya mjane. Sikio halitoi damu, nani atalilipia? Kumbe sikio likifia kazini linahesabiwa kama mkono ulioachwa kwenye mashine. Waliniambia mfuko unalipia vipimo, unalipia vifaa vya kusikia, vyote viwili, kulia na kushoto, pamoja na betri zake, na kurudi kwa mtaalamu kila vinapotaka kurekebishwa. Nikawauliza nitakatwa kiasi gani kwenye mshahara. Hukatwi kitu, wakasema. Sikuamini, nikawaomba waniandikie. Wakaandika huku wananicheka. Kiwandani nao wakaniondoa kwenye mashine wakanipeleka stoo. Ilichukua muda mrefu, na wakati wote huo sikuwaambia chochote nyumbani. Nilitaka niwapigie siku nitakayokuwa nasikia, nikupe habari pamoja na dawa yake.

Wiki iliyopita nikavivaa. Mama, dunia ina kelele! Nilipotoka hospitali niligeuka mara kadhaa kutazama nani ananifuata, kumbe ni ndala zangu mwenyewe. Mama mwenye nyumba akaniambia leo umeniamkia vizuri, siku zote unanifokea. Mimi, kumfokea mtu mzima! Nilimwomba radhi mpaka akaona aibu yeye.

Jumapili ile nikampigia Eliza. Sauti yake imekuwa ya mtu mzima, nikafurahi kama mjinga. Nikamuuliza hali yako, akajibu kwa mkato. Nikamuuliza Bibi anaendeleaje, na ule ugoro niliomtumia kwa mkono wa kondakta umemfikia? Akanyamaza. Nikadhani betri imeisha, nikawa nakigonga kifaa kwa kidole.

"Kaka, bado unaendelea tu?" akasema. "Bibi tulimzika mwaka jana wakati wa kuvuna alizeti. Uliambiwa."

Nikamwambia hakuna aliyeniambia. Hapo ndipo alipofoka, akanimwagia yote. Kwamba Baba Mkubwa mwenyewe alinipigia, akaiweka simu sauti ya juu katikati ya uwanja, ukoo mzima umekaa, ili wote wasikie mjukuu aliyelelewa na marehemu anafika lini, wapange mazishi. Kwamba aliongea kama wazee wanavyoongea, hakulitupa neno la kifo kama jiwe. Alizungukia safari ya mwanadamu, akazungukia uchovu wa Bibi, akafika kwenye mapenzi ya Mungu. Na mimi nikajibu, mbele ya watu wote wale, sawa Baba Mkubwa, nimekusikia, asante sana, wasalimie wote, na Bibi mpe salamu zangu. Alipouliza nakuja lini nikasema mtandao unasumbua, kazi njema. Nikakata.

Naikumbuka simu ile, Mama! Nilikuwa getini, natoka zamu. Nilifurahi, maana Baba Mkubwa hajawahi kunipigia. Nilisikia muungurumo tu, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Ningemwambia arudie? Baba Mkubwa hasemi mara mbili, ninyi wenyewe ndio mlionifundisha. Mkubwa akisema unaitikia. Nikaitikia kwa adabu zangu zote, nikaenda kula.

Eliza anasema mlinisubiri hadi kesho yake jioni, mkazika. Wengine walitaka kunitumia ujumbe, Baba Mkubwa akakataza. Amesikia kwa masikio yake, mwacheni. Na baada ya hapo mimi nikatuma kitenge cha Bibi, nikatuma ugoro wa Bibi, kila pesa niliyotuma nikiandika Bibi anunuliwe sukari. Anasema ulikipokea kile kitenge stendi ukakaa chini pale pale kwenye vumbi. Mama, mlinionaje? Mlisema nimekuwa mtu wa namna gani?

Kisha nikakusikia wewe. Ulikuwa nyuma, ukamuuliza anaongea na nani. Akakuambia. Nikasema moyoni sasa atachukua simu, nitamweleza. Ukasema:

"Mwambie mimi sina mtoto Pwani."

Ulikuwa mbali na simu, na bado nililipata neno lote, mpaka ule mkwaruzo wa koo lako. Miaka mingapi sijaisikia sauti yako sawasawa, halafu hilo ndilo la kwanza. Eliza akakata. Nikavivua vile vifaa nikaviweka kitandani, nikakaa sakafuni. Sikutaka kusikia kitu chochote tena.

Bibi ndiye aliyenipa maziwa ya mbuzi wewe ulipolazwa Kiomboi. Unafikiri ningeambiwa amekufa nikasema kazi njema? Hata mbwa wa jirani huwezi kumsemea hivyo. Sikulaumu, na Baba Mkubwa simlaumu. Mtu amesikia jibu langu kwa masikio yake, afanyeje? Lakini nimeshtuka mpaka leo, na kinachonitisha ni kwamba ningeweza kuishi hivi miaka mingine mingi, nawatumia salamu na zawadi, ninyi mnanilaani, na mimi nasema mtandao wa Ulemo ni mbovu.

Nimeomba ruhusa kazini nimepewa. Naja. Cheti cha daktari nitakileta, atakayetaka akisome, ila wewe Mama sitaki uniamini kwa karatasi. Nisemeshe tu ukiwa umenipa mgongo uone kama nitaitika.

Msalimie Eliza, mwambie alinifokea kwa haki na sikumkasirikia. Mjomba Kitundu wa Kinampanda mpe shikamoo, najua ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza Bibi kwa niaba yangu. Mama Mchungaji aliyempikia Bibi uji siku za mwisho, mwambie Mungu amlipe, mimi nitamshukuru kwa mdomo.

Baba Mkubwa mpe shikamoo yangu ya magoti. Mwambie kabla hajanisamehe nina ombi, na najua ni utovu wa adabu kumwomba mkubwa arudie. Naomba anikalishe pale uwanjani, na wale waliokuwepo siku ile wawepo, aniambie tena maneno yale yote, kwa mzunguko wake ule ule, asiruke hata moja. Nitakuwa nimevaa vyote viwili. Na watu wasishangae nikiangua kilio kama mtu aliyefiwa leo, maana kwangu mimi Bibi atakuwa anafariki siku hiyo.

Mwanao,
Msengi