King'ora cha Masizi

Jumatatu, 4 Machi
Wawekezaji kutoka ng'ambo wamenunua kiwanda. Wametanguliza maagizo, wenyewe bado: vitambaa viongezeke, umeme upungue. Sawa! Ila cha kwanza kuzimwa ni feni ya chujio la moshi. Eti inakula umeme na haifumi hata uzi. Meneja kasema hivyo akicheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 5 Machi
Leo zamu ya king'ora kuzimwa. Mimi ndiye mwendesha boila, inayochemsha mvuke wa mashine. Siku zote kabla sijapuliza masizi yanayoiziba, yatoke kwa bomba la moshi, nakivuta kilie kwa mvuke, na mtaa mzima nyuma ya ukuta wa kiwanda unajua: anua nguo, funga madirisha. Meneja anasema mvuke ni pesa, si tarumbeta. Tena wawekezaji wanakuja Ijumaa, wasisikie kitu kinachotangaza uchafu wetu. Nikamwambia mama yangu ana pumu, na anaota jua nyuma ya ukuta huohuo. Akajibu basi ahamishe kiti. Mtu huyu! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepuliza kimyakimya. Mungu anisamehe. Nimerudi nyumbani — mashuka meusi, mke wangu kaninunia, Mama yuko kitandani na dawa yake ya kuvuta mkononi. Hakunilaumu. Kauliza tu kama king'ora kimeharibika. Nikasema ndiyo. Nimemdanganya mama yangu mzazi! Naona aibu hata kuandika.

Ijumaa, 8 Machi
Naandika nimesimama. Wageni wako uani, kofia nyeupe vichwani. Meneja kapiga simu: mvuke umepungua, mashine zinasuasua, puliza masizi sasa hivi! Na kimya! Dirishani, ng'ambo ya ukuta, namwona Mama kitini, kafumba macho, jua usoni.

Nimevuta king'ora. Kirefu, kama zamani! Nguo zimeanuliwa mbio, mke wangu kamshika Mama mkono, wakaingia ndani. Ndipo nikapuliza.

Meneja hakukata simu, nasikia yote. Mgeni kauliza mlio ule wa nini. Meneja: wa saa ya chai. Saa ya chai! Na hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyeondoka kwenye mashine yake.

Sasa masizi yanashuka uani. Mgeni kajifuta bega, katazama vidole vyake, kisha bomba la moshi. Anapanda ngazi kuja huku. Meneja yuko nyuma yake, ananikonyeza na kuigiza kunywa kikombe — sema chai, sema chai.

Wako mlangoni. Mgeni ndiye anayegonga, na mimi sisemi chai.