Wimbo Ambao Profesa Hakuusikia

Bibi yangu wa Kitahana,

Tulia huko uliko. Hakuna mwanaume aliyeusikia wimbo wako. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua: ningeanza na salamu ungenikatiza, uniambie niseme kwanza lililonileta.

Unakumbuka nilipokuja likizo na kompyuta begani, nikakuambia nasoma shahada ya uzamili kwa njia ya mtandao, fasihi ya Kigaeli? Ukauliza hao watu ni wa wapi. Nikasema ni wa Uskoti, visiwani, kwenye baridi na kondoo wengi. Ukauliza kama wana mihogo. Nikasema hawana. Ukanionea huruma mimi, si wao. Tangu siku ile hukuniita tena kwa jina langu. Nikawa Mwalimu wa Kondoo, na kijiji kizima kikafuata, mpaka mume wangu kule Kasulu naye akalidaka.

Lakini ni wewe uliyenifanya nielewe nilichokuwa nasoma. Jioni moja nilikuwa darasani pale kwenye ukuta wa kanisa, mahali pekee mtandao ulipokuwa unashika, ukaja na kigoda chako ukaketi nyuma yangu. Mhadhiri wetu, mama mmoja mwenye nywele nyeupe, alikuwa anatusikilizisha nyimbo za wanawake wa zamani wa kwao. Waliketi kuzunguka meza, wakapigapiga kitambaa cha sufu kilicholowa ili kikaze, mmoja akianzisha, wengine wakiitikia. Ukanigusa bega ukasema hao wanapura. Nikakueleza ni kitambaa, si maharage. Ukasema hilo si kitu, mikono ni ileile. Halafu ukataka kujua waume zao wako wapi. Nikauliza, yule mama akajibu kwamba wanaume hawakuruhusiwa humo, na aliyejipenyeza alikiona cha moto. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Ukampungia mkono kwenye kioo, naye akakupungia.

Kesho yake ukaniimbia wa kwenu, kwa Kiha. Maharage yalikuwa yamemwagwa kwenye turubai mbele ya nyumba, wewe na Shangazi mna fimbo mikononi. Wimbo huo nilikuwa nimeusikia utotoni vipande vipande tu: wimbo wa kuwasema waume, kila mmoja na tabia yake, mvivu, mlafi, anayekoroma. Enzi za Babu, akikohoa tu njiani, mlikuwa mnahamia wimbo wa kanisani na fimbo hazikosi pigo hata moja. Nikaomba niurekodi kwenye simu. Ukaniangalia sana, ukaniita mwanao kwa Kiha chako.

"Rekodi, mwana wanje. Ila mwanaume asiusikie."

Nikaahidi haraka haraka, kana kwamba ni jambo dogo.

Halikuwa dogo. Nusu ya tasnifu yangu ilisimama juu ya wimbo huo, pembeni mwa zile za Kigaeli. Masika yaliyofuata tukakuzika, na sikuwa na wa kumwomba ruhusa. Niliandika jinsi mnavyopokezana, jinsi fimbo zinavyoendesha sauti, mahali mnaponyamaza. Maneno yenyewe sikuyaandika. Yule mama uliyempungia, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wangu, alinionya kwa upole kwamba mtahini wa nje ni mwanaume, tena mkali, na bila ushahidi anaweza kuniangusha. Wiki zile nilikonda, Bibi. Nilikukasirikia pia, sifichi. Nilisema moyoni, keshakufa, atajuaje? Siku moja nilishaiambatisha ile rekodi kwenye barua pepe. Nikakuona umeshika fimbo. Nikaifuta.

Siku ya mtihani wa kuitetea tasnifu nilikaa kwenye stoo ya duka la rafiki yangu Mwanaidi, Kasulu mjini, katikati ya magunia ya mchele, kwa kuwa intaneti yake haisumbui. Mwanaidi mwenyewe alisimama mlangoni kunyamazisha wateja. Mtahini, mzee wa visiwa vilevile, alipekua kurasa weee, akavua miwani, akauliza kama rekodi ipo. Nikasema ipo. Akauliza kama tunaweza kuisikia.

Nikamjibu kwa Kigaeli, ile lugha iliyonitoa jasho miaka yote hiyo, kwamba mwenye wimbo alinikataza kumsikilizisha mwanaume, na yeye, samahani, ni mwanaume.

Nikajua nimejimaliza. Mzee akaangalia pembeni, kisha akasema taratibu:

"Bibi yangu alinyamaza kila nilipoingia. Nyimbo zake sijazisikia mpaka leo."

Akapendekeza yeye atoke, msimamizi wangu asikilize, athibitishe. Na akatoka kweli, Bibi, profesa mzima. Nilisikia mlango wake ukifungwa. Nikauwasha wimbo. Yule mama hajui Kiha hata neno moja, lakini mlipofika kwa anayekoroma, wewe na Shangazi mkakoroma kwa pamoja, alicheka mpaka akashika mbavu. Mwanaidi mlangoni naye hoi.

Nimefaulu. Walipofunga kikao nilishusha pumzi, nikalia juu ya magunia kama mtoto. Nililia kwa raha, na kwa sababu sikuwa na deni kwako.

Jumamosi mimi na mume wangu tulikwenda Kitahana. Maharage yalikuwa tayari. Nikakaa mahali pako, nikaanzisha mimi. Ubeti wa tatu ukanipotea, Shangazi akaudaka, tukaendelea. Nilikukumbuka sana, ila safari hii bila hasira. Tulikuwa tumefika kwa mlafi mume wangu alipochomoza nyuma ya nyumba. Tukahamia wimbo wa kanisani. Fimbo hazikukosa pigo. Akasimama, akasikiliza mpaka mwisho, akasema Bibi alituachia wimbo mzuri sana.

Pumzika sasa, nami nimepumzika.

Mjukuu wako,
Mwalimu wa Kondoo