Turubai la Pikipiki ya Mama

Calumet, Michigan
9 Januari 1994

Mwanangu Marjatta,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima? Kile kifua kimepona, au baridi ya Montana inakitonesha? Mimi sijambo, ila goti tu.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika. Nataka kukuletea pikipiki ya theluji ya mama yako. Tangu tumzike, Novemba ya mwaka juzi, imekaa bandani bila kuwashwa. Alisema ni yako. Shida ni safari: maili elfu moja na zaidi, na trela langu ni la wazi. Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu itakula kila chuma. Nilinunua turubai dukani nikalijaribu njiani kwenda Houghton. Upepo uliingia chini, likavimba, likapigapiga kioo cha mbele mpaka kikakwaruzika, mwishowe likachanika. Saima Niemi, yule mshona vifuniko vya mashua, alinikuta pembeni ya barabara nikiokota vipande. Akacheka: "Reino, hilo ni shuka la kitanda!"

Kama huko kwenu kuna turubai la maana, niambie.

Baba yako


West Yellowstone, Montana
2 Februari 1994

Shikamoo Baba,

Mimi ni mzima, kifua kimepona. Pole na goti.

Ulinunua turubai la kufunikia pikipiki iliyoegeshwa. La safari ni jingine: kitambaa kizito, kiibane pikipiki kama soksi, na mikanda ipite chini kabisa, siyo mpira wa pembeni tu. Hapa hotelini ninapofanya kazi, kila wiki naona wageni wakifika na matambara yanayopepea.

Lakini usije. Iuze. Mama aliugua miezi mitatu, na wewe kila wiki ukaniandikia habari za samaki tu. Nilifika siku ya mazishi. Siwezi kuipanda hiyo pikipiki nikasahau.

Mwanao


Calumet
11 Februari 1994

Mwanangu,

Hujambo? Huku theluji imefika madirishani. Mimi nipo.

La samaki ni kweli.

Nimempelekea Saima maneno yako kuhusu turubai. Alikuja na futi yake, akapima kila kona. Atatumia kitambaa kizito cha mashua, na sehemu ya kioo ataweka kitambaa laini cha flaneli kwa ndani. Mikanda minane. Nilimweleza kwamba nikiifikisha pikipiki salama labda utanielewa. Akatoa pini mdomoni, akaniambia, "Mimi nashona turubai, Reino. Msamaha kamwombe mwenyewe."

Nilitaka kukuuliza kama nije tu. Naona nimeshauliza.

Baba yako


Calumet
3 Machi 1994

Marjatta,

Natumaini hujambo. Jibu sijaliona, labda theluji imekwamisha posta. Turubai liko tayari. Nimelijaribu hadi Marquette na kurudi, upepo wa ubavuni, malori yakinimwagia tope la chumvi. Halikucheza hata kidogo. Sikuwa na wa kumwonyesha, nikamwonyesha mtu wa kituo cha mafuta.

Nitaondoka tarehe kumi na tatu.

Baba yako


Glendive, Montana
15 Machi 1994

Mwanangu,

Salamu kutoka njiani. Kesho nitakuwa kwako. Kila nikisimama nakagua mikanda, na kila mara sina la kukaza.

Nilikuficha ugonjwa wa mama kwa sababu kila niliposhika simu nilijua nikishakwambia, itakuwa kweli kwamba anakufa. Samaki walikuwa rahisi. Nilijipunguzia mzigo mimi, nikakunyima mama yako. Nisamehe.

Baba


West Yellowstone
18 Machi 1994

Shikamoo Baba,

Natumaini umefika salama. Barua yako ya Glendive imekuja leo, siku mbili baada yako.

Nilikuwa ndani. Nilikusikia ukigonga. Nilisimama nyuma ya pazia la jikoni nikakuona ukiishusha pikipiki peke yako, huku unalivuta lile goti. Ukaifunika upya, ukafunga mikanda yote, ukasimama na kofia mkononi. Sikuthubutu kufungua mlango. Ulipoondoka nilikimbilia gari, nikakufuata hadi daraja la mto. Hukuwepo.

Leo nimelifungua turubai. Ndani ni pakavu, hakuna hata chembe ya chumvi. Nilikaa juu ya pikipiki muda mrefu bila kuiwasha.

Hoteli inafungwa Aprili, msimu ukiisha. Nataka kuja. Ukinikatalia nitaelewa.

Mwanao


Calumet
26 Machi 1994

Mwanangu Marjatta,

Nimefika salama, na goti limetulia. Wewe je?

Nilikuona. Pazia lilisogea nilipogonga mara ya pili. Mikanda ile huchukua dakika tano. Mimi nilikaa nayo karibu saa nzima. Sikukasirika. Nilifurahi kuona umenenepa kidogo.

Njoo siku yoyote. Usihangaike kuniarifu, sina ninapokwenda.

Baba yako