Sikio la Dalmas

Bondeni, Nakuru
16 Julai 1956

Mpendwa kaka Masinde,

Pokea salamu nyingi za dadako. Natumaini nyote hapo Kimilili mu wazima, na mguu wa mama haumsumbui sana katika baridi hii. Sisi hatujambo. Mtoto anaota meno na analia kutwa, na upepo wa Menengai haututaki hata kidogo.

Kaka, kwanza la haraka. Ile barua ya kukuomba uje na wazee mnichukue, usiwasomee. Kama umeshawasomea, waambie wasipande basi. Ng'ombe wa mahari ya Dalmas wabaki zizini.

Nitakueleza yote, maana hukunilea nikufiche mambo. Unajua shemeji yako hukata nyasi na kuchora mistari ya chokaa kwenye kiwanja cha klabu, pale Wazungu wanapochezea raga. Kazi hiyo huisha jua likiwa bado juu. Lakini tangu Mei akaanza kuchelewa kila Jumanne na Alhamisi. Anarudi magoti yamechubuka, shati linanuka jasho ambalo si lake, koti linanuka samaki. Nikimuuliza, anasema lile pipa la chuma la kulainishia kiwanja ni zito. Pipa gani linalokuwa zito Jumanne na Alhamisi tu?

Kisha likaja sikio. Sikio lake la kushoto lilivimba na kujikunja kama andazi, akasema amejigonga mlangoni. Mlango wangu naujua mimi. Sasa, hapa jirani kuna mjane anaitwa Awuor, anakaanga samaki, na Dalmas huwasifu samaki wake kupita kiasi. Nikajumlisha mwenyewe: huko kwa Awuor amemkuta mwanamume mwingine, wakakamatana, sikio likavutwa. Ndipo nikakuandikia.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na mechi kubwa. Kuna kombe linalogombewa na klabu za nchi nzima, nalo ni la mtoano, ukishindwa mara moja unafunga mizigo. Nakuru walicheza na wageni wa Nairobi, mshindi aende fainali. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda, wala si kwa ajili ya raga. Nilikusudia kumfuata bwana mkubwa wa klabu mbele ya watu wote, nimuulize ni kazi gani hiyo ya jioni inayonirudishia mume amevimba. Kama hakuna kazi, basi Dalmas aaibike hapohapo.

Sisi Waafrika tulisimama nyuma ya kamba, upande wa vyoo. Nilikuwa nimeshainama nipite chini ya kamba, wachezaji wakatoka. Kaka, nikaona masikio. Wale Wazungu wanene wa mbele, wenye mashamba huko Subukia na Ndabibi, karibu wote masikio yao yamejikunja vilevile kama la Dalmas. Nikabaki nimeinama. Nikajiuliza, hata hawa wote wamepita kwa Awuor?

Mchezo ulipoanza wakafanya kile wanachokiita skramu. Watu wa mbele wa timu zote mbili wanashikana mabega, wanainama, wanasukumana kama mafahali, masikio yakisuguana, mpira uko chini katikati. Nikamtafuta Dalmas kwa macho. Alikuwa mwisho wa kamba pamoja na Ishak mpishi na Kemboi mlinzi, wameshikana mabega bila kujijua, magoti wamekunja, wanasukuma hewa. Wazungu wakisukuma, nao wanasukuma. Wazungu wakisimama, nao wanahema. Nilirudi nyuma ya kamba, bwana mkubwa sikumfuata tena.

Nakuru walishinda. Nyumbani nikamkalisha Dalmas, akasema yote. Tangu vijana wengi wa Kizungu wachukuliwe kwenye polisi kwa sababu ya Hali ya Hatari, siku za mazoezi hapana watu wa kusukumana nao. Kapteni wa timu huwachukua wafanyakazi wa klabu kwa siri wawe upande wa pili. Mpira wenyewe hawaruhusiwi kuugusa. Wakubwa wa klabu wakijua Waafrika wamewekwa katika kiwanja kile, wote watafukuzwa kazi, na hiki chumba chetu ni cha kazi.

Nikamwambia, "Mbona hukuniambia?"

Akasema, "Ningekuambia, ungeenda kumuuliza bwana mkubwa."

Nilichemsha maji nikamkanda lile sikio, nikalia, naye akadhani ni moshi.

Huyo kapteni simwamini hata kidogo. Gazeti limewasifu watu wake wa mbele, fainali wanaenda Nairobi, Dalmas anabaki kukata nyasi. Na siku mambo yakijulikana, kapteni atasema hamjui. Kwa hiyo barua hii isome peke yako, ukimaliza itie motoni.

Nisalimie shangazi Milcah na watoto wote, na mke wako ambaye najua ataniita mjinga. Mungu awape mvua ya kutosha na awaweke hadi tuonane.

Mwambie mama pia kwamba ninabaki huku, ila kile kitanda changu asikigawe. Sikio limejieleza. Harufu ya samaki kwenye koti bado.

Dadako akupendaye daima,
Namalwa