Wananchi Ni Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya tarehe 30, maana siku hiyo mzee wa watu atatolewa nje na vitabu vyake kwa ajili ya mdomo wangu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani ghorofa ya pili, na mdogo wa mume wangu ni mwandishi wa habari, kila mchana huja kula kwetu, nami nikimpakulia huwa naongea kama mtu yeyote anavyoongea kwake, na kwa kuwa naandika shajara kila siku nimefuatilia nikakuta hivi: tarehe 3 nilisema mikate imekuwa midogo, tarehe 4 gazeti likaandika "Wananchi walia na mikate midogo", tarehe 9 nilisema kituo cha basi hakina kivuli, tarehe 10 "Wananchi wacharuka kituoni", tarehe 17 jino lilikuwa linaniuma sikufungua mdomo, tarehe 18 "Wananchi wakaa kimya, maswali yaibuka".

Nilipomuuliza alicheka. "Shemeji, kwani wewe si mwananchi?"

"Ni mwananchi."

"Na kaka alikuwepo, akatikisa kichwa. Hao tayari ni wananchi."

"Kaka yako alikuwa anafukuza nzi!"

"Lakini alitikisa, hakutikisa?"

Niseme ukweli, sikukasirika, tena nilianza kuchagua maneno mazuri kabla hajafika mezani. Basi tarehe 21 nikasema ngazi zetu hazina kishikio tangu mwaka jana na mwenye nyumba anajifanya haoni, tarehe 22 ikatoka "Wananchi wamjia juu mwenye nyumba", mtaa umetajwa, na asubuhi hiyohiyo mwenye nyumba akapanda ngazi hizohizo, taratibu, ameshika ukuta, gazeti kwapani, anagonga kila mlango: "Wananchi wamo humu?" Nikamjibu humu yumo fundi tu. Tuko wapangaji watatu, naye akaamua ni mwalimu mstaafu wa chini, kwa kuwa ana miwani na hununua gazeti, akampa notisi ya kuhama tarehe 30. Mwalimu hajui lolote, na jana kaniletea suruali nimpunguzie kiuno. Shemeji anasema nikifungua mdomo atafukuzwa kazi, mume wangu anasema nyamaza litapita. Nifanyeje?

Fundi wa Ghorofa ya Pili

JIBU

Fundi, nilicheka mpaka nilipofika kwenye suruali. Hapo nikaacha, na wewe ungeacha tangu tarehe 22.

Gazeti lilikupa umati, ukaupenda, na mwenye nyumba alipogonga ukamwachia mwalimu abebe umati wote peke yake. Usinitajie shemeji. Yeye alikosa, lakini aliyejibu mlangoni ni wewe.

Leo, kabla hujawasha cherehani, shuka kwa mwalimu umweleze. Asikie kwako kwanza. Kisha nenda kwa mwenye nyumba na shajara yako, mfungulie tarehe 21, umwambie: "Niliyesema ni mimi, peke yangu, na kishikio kweli hakuna, hata wewe ulishika ukuta." Mwambie afute notisi ya mwalimu. Unaogopa itahamia mlangoni kwako? Huenda ikahamia. Angalau safari hii itakuwa imegonga panapostahili.

Shemeji yako anaweza kuendelea kula, ila kwanza akuoneshe daftari lenye majina ya watu watatu aliozungumza nao mtaani kwa miguu yake. Hana majina, hana sahani. Akifukuzwa kwa sababu wananchi wake wote wanakaa kwenye meza moja, hajafukuzwa na wewe. Na mume wako afukuze nzi kwa mkono.

Mhariri wangu alitaka nimalizie kwa kuandika kwamba barua yako imewagusa wasomaji wengi. Mpaka sasa tumeisoma wawili, mimi na yeye, na yeye aliruka katikati.